Mlango Umefungwa, Sarafu Haipo

Saa nne na robo asubuhi, Jumapili, kitambaa chekundu kilimaliza kuzunguka meza na kumrudia mwenyekiti kikiwa kitupu. Sarafu ya fedha ya Jáchymov, iliyogongwa na makabaila wa Šlik yapata miaka mia tano iliyopita, ile ambayo jina lake ndilo lililozaa jina la dola, haikuwemo.

Bwana Radim Vondra, mwenyekiti wa wakusanyaji sarafu wa mji wa Kutná Hora, alifuata desturi ya chama. Alifunga mlango wa chumba cha nyuma cha baa na kuweka ufunguo katikati ya meza. Sarafu ikipotea, hatoki mtu.

Inspekta Zdena Kubíčková alikuwa amekuja tu kumchukua baba yake, Mzee Alois, wakale chakula cha mchana. Sasa alikuwa amefungiwa pamoja nao nyuma ya madirisha ya nondo, na macho yote yalikuwa kwa baba yake.

"Nani aliishika mwisho?" aliuliza.

"Mzee Alois, hapa kulia kwangu," alisema Vondra. "Nilipopokea kitambaa, hamna kitu."

"Nilikupa ikiwa ndani," alijibu Alois.

"Basi imeota mbawa."

Jitka, mhudumu, ndiye aliyekuwa akigawa mikate midogo iliyojazwa yai na kitunguu wakati huo. "Mimi nipekueni mpaka viatuni," alisema. "Kisarafu cheusi vile nikifanyie nini? Hata kukisugua mnakataza."

Wazee waliguna. Kwao weusi wa fedha ya kale ndio umri wake, na anayeisugua ikang'aa ameiua.

Upekuzi ulianza. Vondra alijitolea wa kwanza, akageuza mifuko yote nje. Jitka na wengine wakafuata, wote safi. Zamu ya Mzee Alois ilipofika, aliufumbata mfuko wa koti lake.

"Baba, toa kilichomo."

"Sitoi."

"Ukikataa itabidi niwaite wenzangu. Watakutoa hapa na pingu."

"Waite, mwanangu."

"Miaka yote tumekaa naye," alisema Vondra kwa huzuni. "Kumbe."

Zdena aliogopa. Akimwita askari, jina la baba yake limekwisha mji mzima. Asipomwita, yeye mwenyewe amekwisha kazini. Aliinamisha macho mezani asimtazame mzee. Sahani zilikuwa tupu, isipokuwa ya Vondra. Hapo palikuwa na mkate mdogo mzima, na pembeni yake vipande vya yai na kitunguu vilivyotolewa ndani kwa uangalifu.

"Jitka, Bwana Vondra hapendi mayai?"

"Huyu? Kila Jumapili ananisumbua nimwongezee. Hata leo, mkate wa kwanza kaumaliza na yai lake."

Zdena aliketi mbele ya mwenyekiti. "Bwana Vondra, kula mkate wako."

"Nimeshiba."

"Ung'ate tu kidogo."

Vondra hakuugusa.

"Mwizi mwingine asingejali," alisema Zdena. "Lakini yai na kitunguu huila fedha na kuiachia madoa. Utotoni, nikila yai, baba hakuniruhusu kusogelea kabati lake hadi ninawe. Wewe umeiba, na bado umeshindwa kuilaza sarafu hiyo kando ya yai."

Aliupasua mkate. Sarafu ilikuwa ndani.

"Kesho ingekwenda makumbusho," alisema Vondra taratibu. "Mlipiga kura kuitoa kama vile mnagawa kiti kibovu. Nimeitunza mimi, halafu niende kuichungulia nyuma ya kioo kama mgeni? Nilijua Alois hatakubali kupekuliwa. Kila mara ameushika mfuko ule."

Askari walipomchukua, mlango ulibaki wazi, lakini Mzee Alois hakuinuka. Alitoa mfukoni sarafu nyingine ya kale, inayong'aa kama kijiko kipya.

"Hii ndiyo iliyokuwa bora kuliko zangu zote," alisema. "Mama yako aliisugua kwa majivu siku yangu ya kuzaliwa, akaniletea kwenye sahani. Alifurahi sana."

"Ukamwambia nini?"

"Kwamba imependeza. Hakujua mpaka anakufa. Hawa wangemcheka, Zdena."

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alikitandaza kitambaa chekundu mezani, akaiweka sarafu ile juu yake, akamsogezea jirani. Ilizunguka meza nzima, na kila mmoja aliinyanyua kwa ukingo tu, kama walivyoinyanyua ile ya makabaila.