Mwanamume wa Sakafuni

Mahali pa kupokelea wageni, uwanja wa ndege wa Heathrow, London, palijaa watu, na katikati yao mwanamume mmoja alikuwa amekalia sanduku lake, anachora. Alivaa koti la zambarau na viatu vyeupe visivyo na doa, na wala hakujali kwamba watu wanamzunguka ili wapite. Munir, karani wa shirika moja la ndege, ndiyo kwanza alikuwa anatoka zamu. Alimwambia kwa Kiingereza kwamba amekaa njiani.

Yule mtu akajisogeza huku akinung'unika, “Mwenye sura muzuri hivi, na roho yake mubaya.”

“Nimesikia,” alisema Munir kwa Kiswahili. “Na roho ni mbaya, siyo mubaya.”

Penseli ikamponyoka yule mtu.

Hivyo ndivyo walivyojuana, kiangazi cha mwaka 2004. Jina lake Serge, mtu wa Bukavu, Kongo, na alikuja kumpokea shangazi yake Thérèse, ambaye ndege yake ilichelewa mpaka wakamaliza kahawa ya pili. Asubuhi Serge alisafisha maofisi, mchana alichora. Alichora wanaume tu: madereva wa basi, kinyozi, mashemasi wa kanisani kwao. Aliwakalisha kitini, akawauliza mara ya mwisho walilia lini, kisha akawachora kabla hawajapata jibu.

Kabla majani hayajaanza kuanguka walikuwa wapenzi. Walipigiana simu kila Munir anapopumzika kazini. Munir alimcheka kwa Kiswahili chake, na Serge akajibu kwamba watu wa kwao Munir, Zanzibar, wakiagiza chai ni kama wanasoma hotuba. Chumbani kwa Munir, mtaa wa Hounslow, walipika, wakagombania redio, wakapatana. Nje walitembea kama watu wanaofanya kazi pamoja. Ilford, upande wa pili wa London, kwa baba yake Mzee Mwadini na dada yake Ghalia, Munir alikwenda kula kila Ijumaa, na kila Ijumaa baba aliuliza harusi lini, naye akasingizia kazi.

Lakini Munir alikuwa na jambo jingine ambalo hakulisema popote. Kulikuwa na asubuhi alizoamka akakuta mwili haumtii. Kazini aliwaambia ni mafua. Asubuhi moja ya Februari Serge alimkuta amelala sakafuni bafuni, na shati la kazi mwilini, bomba linamwaga maji, na ulimi wake hautoi neno. Serge alifunga bomba. Hakumvuta wala hakumuuliza kitu. Alilala chini pembeni yake mpaka mchana, kisha akampeleka kwa daktari. Munir alipewa dawa, na baada ya hapo hawakuizungumza tena asubuhi ile.

Novemba ya mwaka huo Serge akapata nafasi ya kuonyesha picha zake katika ukumbi mmoja Ilford, maonyesho ya wanaume na afya ya akili. Alimwomba Munir aje Jumamosi mchana, avae suti ya buluu, kuna kitu amemwandalia.

Munir aliingia ananukia udi, anatabasamu. Ukutani, mbele kabisa, akajiona. Shati la kazi. Sakafu ya bafuni. Mdomo wazi, shavu limelala juu ya kigae. Na chini ya picha, kwa Kiswahili: *Mpenzi wangu, asubuhi.*

Mbele ya picha alisimama mzee aliyevaa kofia ya kiua ya Kizanzibari na koti jeusi, anasoma maneno yale kwa kidole. Alikuwa Mzee Mwadini. Ghalia, muuguzi wa wagonjwa wa akili, alialikwa na wenzake wa kazini, akaona amchukue na baba, wakimaliza wapitie sokoni.

Baba aligeuka. Wakatazamana. Munir akarudi kinyumenyume, akamgonga mtu, akatoka. Serge alimkimbilia mpaka barabarani, lakini teksi aliyopanda Munir ilikwishaondoka.

Wiki nzima simu ililia, ni Serge, na Munir hakuipokea. Ijumaa ikalia tena, na safari hii ilikuwa namba ya nyumbani, Ilford.

“Njoo ule,” alisema baba, akakata.

Munir alikwenda amejitayarisha kufukuzwa. Walikula mpaka wakamaliza. Ghalia alipotoa sahani, Mzee Mwadini alisafisha koo.

“Ile picha, nilidhani nimechorwa mimi.”

Munir hakuelewa. Mzee akamweleza, macho juu ya meza, kwamba walipofika nchi hii kutoka Zanzibar, kabla Munir hajazaliwa, alikuwa akilala chini vile vile, siku nzima, na mama yao akifunga mlango ili majirani wasione. Mama akiwaambia watu kashikwa na baridi. Mpaka mama anakufa hawakulitaja. Munir alimsikiliza. Huyu ndiye baba aliyemfundisha kwamba mwanamume halii.

“Aliyechora na yeye alikuwa amelala chini,” alisema mzee. “Inaonekana. Kakuchora uso kwa uso.”

“Ndiyo, Baba.”

“Na maneno yale?”

“Kaniandikia mimi. Ni kweli.”

“Hilo siwezi kukwambia nimelipokea. Umri huu, sijui nilianzie wapi. Lakini usinifie, Munir. Basi.”

Kesho yake Munir alimpigia Serge, wakakutana kwenye mkahawa wa barabara kuu, Hounslow. Serge alikuja hajanyoa, koti limekunjamana. Munir hakuwahi kumwona hivyo.

“Uliniweka ukutani bila kuniuliza.”

“Nilikuwa na woga, chéri wangu. Nilijua utakatala.” Serge alisogeza kiti chake karibu. “Nikaandika Kiswahili, nikasema Wazungu hawatasoma. Nilitaka niseme mbele ya watu, na mutu asisikie.”

“Baba kasoma.”

Serge alifunika uso. Alisema picha ameishusha, ataichoma leo leo. Munir akamkataza: asiichome, na asimchore tena pasipo kumuuliza. Serge akaapa. Munir akamtazama, akashangaa kusikia sauti yake mwenyewe ikiendelea.

“Mwezi ujao sheria mpya inaanza. Watu kama sisi watakwenda kuandikishwa serikalini kuwa wenzi. Twende na sisi.”

Serge alitazama kushoto na kulia, kana kwamba aliyeambiwa ni mtu mwingine. “Uko na homa?”

“Sina.”

“Na baba yako?”

“Nimemwalika asubuhi hii. Hajajibu.”

“Kama hatakuja?”

“Nitasikitika. Na tutakwenda.”

Meza zote zilikuwa na watu. Serge aliunyoosha mkono wake juu ya meza, akaushika wa Munir, na Munir aliuacha pale pale.