Nafasi ya Theluji

Kila Jumamosi asubuhi Tavia Gaines aliamka kabla ya mama yake, akavaa mabuti, akatoka kuondoa theluji mlangoni kwa koleo. Katika jiji la Buffalo theluji haisubiri Desemba. Mwaka huo ilianza kuanguka Novemba ikiwa bado changa. Akishamaliza, yeye na mama yake, Bi Roslyn, walikula uji mzito wa mahindi wenye siagi pamoja na mayai ya kukaanga. Kisha Bi Roslyn alimchana nywele na kuzifunga fundo kisogoni, vizuri, bila unywele mmoja kuchomoza. Siku za wiki Bi Roslyn aliendesha basi la shule lenye watoto hamsini. Jumamosi abiria wake alikuwa mmoja tu, naye alimpeleka kwenye ukumbi wa baleti uliokuwa juu ya duka la mikate.

Tavia alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na alikuwa amecheza baleti tangu ana miaka sita. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Lakini muziki ulipoanza, wenzake waliosahau hatua walimtazama yeye, wala si mwalimu.

Kila Krismasi wanafunzi wa ukumbi huo walionyesha mchezo uleule. Msichana anapita msituni na taa mkononi, anakutana na ndege na wanyama, halafu theluji inaanguka. Theluji yenyewe ilichezwa na wasichana kumi na wawili wenye mavazi meupe. Watu walitoka pande zote za jiji kuja kuitazama sehemu hiyo, na hapakuwa na mtoto asiyeitamani. Tavia alikuwa ameitamani miaka mitatu. Mwaka wa kwanza alipewa kunguru, wa pili akapewa mtoto wa dubu, wa tatu akarudishwa kwenye ukunguru.

Safari hii orodha ilipobandikwa mlangoni, alilisoma jina lake mara mbili. Tavia Gaines: Kunguru.

"Hongera, Kunguru," alisema Kerry Doyle, msichana mwenye mabakabaka ya jua puani, ambaye alikuwa amepata theluji. "Bado kidogo tu watakupa pensheni."

Wasichana wengine walicheka. Tavia naye alicheka, maana asingecheka angelia. Akabeba mfuko wake akashuka ngazi. Alipofika chini akakumbuka kwamba ameacha skafu, akarudi.

Mlango wa chumba cha mavazi ulikuwa wazi kidogo. Ndani, Bi Dorota, fundi wa nguo, alikuwa akizungumza na Mwalimu Halina Wrobel, mwenye ukumbi.

"Huyu mtoto wa Gaines anawazidi wote," alisema Bi Dorota. "Kwa nini humweki kwenye theluji?"

"Najua anawazidi," alijibu Mwalimu Halina. "Lakini theluji ni nyeupe, Dorota. Wasichana kumi na wawili, wote sawa, jicho la mtazamaji lisikwame mahali. Nikiweka doa moja jeusi katikati, watu wataliangalia doa."

Tavia hakuichukua skafu. Alishuka taratibu, akashika ukuta kama mtu anayeshuka gizani.

"Skafu yako iko wapi?" mama yake alimuuliza garini.

"Sikuiona, Mama."

Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza. Wa pili na wa tatu haukumsumbua sana.

Jumatatu, akitoka shule, aliingia katika duka moja la vipodozi akatoka na kopo dogo la krimu. Halikuwa na jina la kiwanda. Lilikuwa na picha ya mwanamke anayetabasamu, nusu ya uso wake nyeusi, nusu nyeupe, na chini yake maneno: siku ishirini na moja. Tavia alihesabu. Mwalimu Halina alikuwa na desturi ya kubadilisha wachezaji wawili watatu wiki za mwisho kabla ya onyesho. Siku ishirini na moja zilitosha.

Alijifungia bafuni asubuhi na jioni. Siku za mwanzo ngozi ilimwasha kidogo tu, kama imepakwa pilipili kwa mbali. Mwishoni mwa wiki akaona mashavu yameanza kung'aa, akafurahi. Wiki ya pili yakawa mekundu na kuanza kubanduka pembezoni mwa pua. Badala ya kuacha, alizidisha.

"Uso wako una nini?" Bi Roslyn alimuuliza, akimshika kidevu na kumgeuza dirishani.

"Baridi tu, Mama. Upepo wa ziwani."

"Upepo huu utatumaliza." Bi Roslyn akachukua mafuta ya mgando, akampaka taratibu kwa ncha za vidole, huku akimpuliza kama alivyomfanyia alipokuwa mdogo na kujikwaruza goti. Tavia alifumba macho. Ilimuuma sana. Kilichomuuma zaidi ni ile mikono iliyokuwa ikimtibu ugonjwa usiokuwepo.

Siku ya mazoezi ya mavazi ilifika. Watoto walipanda kwenye jukwaa la kweli, taa zote zikawashwa. Tavia alivaa kichwa cha kunguru, kizito, cha waya na kitambaa kigumu kilichoshonewa manyoya. Ndani yake joto lilikuwa kali. Jasho lilipoanza kutiririka juu ya ngozi iliyochunika, alihisi kama uso mzima umetiwa moto. Alicheza hatua zake zote. Aliruka, akazunguka, akainama mbele ya msichana mwenye taa. Alipofika nyuma ya pazia alianguka kwa magoti.

Kerry ndiye aliyekuwa karibu. "Tavia? Ngoja nikuvue hicho."

Alikivuta kile kichwa. Kitambaa kilikuwa kimegandamana na shavu, na kilipobanduka kikaondoka na ngozi. Damu ilishuka hadi shingoni. Mtoto mmoja alianza kulia. Mwalimu Halina alikuja mbio, akaona, akajiziba mdomo kwa mkono.

Hospitalini daktari, mwanamke wa makamo aliyeitwa Daktari Mehta, alilisafisha shavu la Tavia kabla ya kuuliza.

"Umepaka nini?"

"Sijapaka kitu."

Bi Roslyn, ambaye alikuwa amekuja na sare zake za udereva, alisema, "Ni baridi, daktari. Nimekuwa nikimpaka mafuta."

"Baridi haifanyi hivi," alisema daktari. Alivuta kiti akakaa, macho yake yakawa sawa na ya Tavia. "Mwanangu, sipo hapa kukugombeza. Nataka kukupa dawa. Lakini nisipojua kilichokuunguza, dawa yangu inaweza kukuongezea madhara. Uongo unaweza kunidanganya mimi. Mwili wako hautaudanganya."

Tavia alitazama sakafu. Ilikuwa nyeupe, safi, ya kuteleza.

"Krimu," alisema. "Ya kung'arisha. Ninayo wiki tatu."

Bi Roslyn hakupiga kelele. Alikaa kando yake. "Kwa nini?" aliuliza.

"Mwalimu alisema theluji ni nyeupe. Alisema mimi ni doa."

Krimu ilipopimwa, ilikutwa na zebaki. Daktari alieleza kwamba sumu hiyo haiishii kwenye ngozi. Hupenya mwilini na kuharibu figo. Tavia alitolewa damu na mkojo siku baada ya siku. Figo zilikuwa zimeanza kuathirika, lakini alikuwa amewahi, zingepona. Ngozi nayo ingepona, ila daktari hakumficha kwamba upande wa kushoto, kutoka sikioni hadi kona ya mdomo, rangi haitarudi yote kama zamani. Asingesimama chini ya taa za jukwaa kwa miezi mitatu.

Alilala hospitalini siku sita. Siku aliyoruhusiwa, mama yake hakuendesha gari moja kwa moja nyumbani.

"Twende tukapande zile ngazi," alisema. "Huna haja ya kusema kitu. Nitasema mimi."

Ukumbini watoto walikuwa wakipumzika kabla ya mazoezi. Walipomwona Tavia na bendeji shavuni, walimpisha njia. Mwalimu Halina alisimama kandokando ya piano.

"Bi Gaines, nilitaka kuja. Niliposikia ni krimu, na kwamba aliyasikia maneno yangu, nilishtuka sana. Sikumaanisha kumuumiza mtoto. Nilikuwa nafikiria picha ya jukwaa tu."

"Nami nimekuja kuhusu picha," alisema Bi Roslyn, bila kupandisha sauti. "Nina picha za miaka mitatu ukutani kwangu. Kunguru, dubu, kunguru. Nyie mnawapiga watoto picha nzuri. Lakini niambie, mwalimu, umewahi kumpa mwanangu nafasi ambayo mimi mama yake ningeuona uso wake?"

Mwalimu Halina aliitazama orodha iliyobandikwa mlangoni.

"Kaa ufikirie. Sina haraka."

Mwalimu Halina aliketi kwenye kiti cha piano. Watoto walitazamana. Ndipo Kerry Doyle akasimama, uso umemwiva.

"Mwalimu, mimi huwa naanguka kwenye mzunguko wa tatu," alisema. "Siku hizi sianguki kwa sababu Tavia alinifundisha. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, tangu Oktoba. Hakumwambia mtu. Nami nilimwita Kunguru kila siku." Alimgeukia Tavia. "Nisamehe. Niliona ni mzaha."

"Ulijua kwamba hanipi theluji kwa sababu ya rangi?" Tavia aliuliza.

"Sote tulijua," alisema Kerry. "Hatukusema tu."

Mwalimu Halina alilia, lakini Bi Roslyn hakwenda kumbembeleza. Alimwacha alie hadi amalize mwenyewe.

"Nimekosea," hatimaye mwalimu alisema. "Si jana tu. Miaka mingi. Nilikuwa na jicho zuri la kuona mguu uliopinda, na nikadhani basi naona kila kitu. Tavia, hukuwa doa. Ulikuwa mchezaji wangu bora, nami nilikuficha. Naomba unisamehe, na hata usiponisamehe, nitalirekebisha."

Alilirekebisha. Aliifuta orodha akafanya majaribio upya, na akawaita walimu wawili kutoka kumbi nyingine wakae naye kuamua, ili jicho lake lisiwe peke yake. Vichwa vya wanyama vilikatwa sehemu ya mbele, sura zikaonekana. Bi Dorota alichemsha masufuria ya chai nzito akalowesha viatu na soksi ndefu hadi kila mtoto akapata rangi ya miguu yake mwenyewe. Baadhi ya wazazi walinung'unika, na familia mbili ziliwaondoa watoto wao. Mwalimu Halina aliwafungulia mlango wakaenda.

Wiki ya Krismasi, Tavia alikaa na mama yake katikati ya ukumbi wa maonyesho. Bendeji ilikuwa imeondolewa. Baka la rangi ya waridi lilibaki shavuni, na watu wawili watatu waligeuka kulitazama. Pazia lilifunguka. Theluji ilipoanza kuanguka, miongoni mwa wale kumi na wawili alikuwemo Keziah Boone, mtoto mweusi wa miaka tisa, mikono yake imenyooshwa juu, meno nje kwa furaha. Hakuna jicho lililokwama. Theluji ilianguka kama theluji.

Tavia alijifuta machozi.

"Unalia nini, mama?" Bi Roslyn alimuuliza kwa sauti ya chini. Alikuwa na mazoea ya kumwita hivyo alipotaka kumtuliza.

"Ningekuwa pale. Nisingepaka ile krimu, mwaka huu ningekuwa pale."

Bi Roslyn hakumwambia kwamba si kweli. Alisubiri hadi watu walipoanza kupiga makofi, ndipo akamwinamia.

"Sikiliza, nikwambie jambo ambalo nilipaswa kukwambia mapema. Kosa lilikuwa la mwalimu. Lilikuwa palepale miguuni pake. Wewe ukaenda ukaliokota, ukalibeba hadi nyumbani, ukalipaka usoni mwako. Ukajiadhibu kwa kosa la mtu mwingine, ukajificha bafuni, nami nikawa napaka mafuta juu ya uongo. Mtu akikuona vibaya, usiende kuibadilisha ngozi. Njoo useme. Kwangu, kwa daktari, kwa mwalimu wa shule, kwa yeyote mwenye masikio. Siku ile ya skafu ungeniambia, tungepanda zile ngazi siku hiyohiyo, na uso wako ungekuwa mzima."

"Niliogopa ungeumia," alisema Tavia.

"Niliumia vilevile. Tena nilichelewa."

Tavia aliegemeza shavu lake bovu begani kwa mama yake, kwa uangalifu, kwa kuwa bado lilikuwa na maumivu. Jukwaani watoto waliinama mbele ya watu, na Keziah, aliyekuwa mdogo kuliko wote, aliinama mara mbili kwa makosa.