Roli Iliyotoka Kinyume

Siku ya Jumatano, saa tatu na dakika kumi asubuhi, muuguzi wa wodi ya watoto wachanga alikuta mtoto wa siku nne amebadilika rangi midomo, na kifaa kilichofungwa juu ya tumbo lake kiko kimya. Kazi ya kifaa kile ni moja tu: mtoto akiacha kupumua, kipige kelele. Hakikupiga. Mtoto aliwekwa kwenye mashine ya kupumulia, na mpaka Ijumaa alikuwa hajafumbua macho.

Ijumaa hiyo, saa nne kamili, mpelelezi aliingia kwenye karakana iliyotengeneza kifaa hicho. Alikuwa mama wa makamo ambaye kituoni kwao walimwita Bi Kwanini, mwanzoni kwa utani, siku hizi kwa woga. Umeme aliujua kwa kuwasha na kuzima taa, basi, na hakuona haya kusema hivyo.

Mhandisi mkuu alikuwa ameshaimaliza kesi peke yake.

"Mkosaji tunaye, afande," alisema, akimsogezea karatasi. "Fundi wa gundi. Akisaini hapa kukiri, saa nane mnaondoka naye."

"Gundi imefanya nini?"

Mhandisi alieleza. Kifaa kile kina kihisio, yaani kipande kinachohisi pumzi, cha plastiki laini ambacho ukikilehemu kinayeyuka. Kwa hiyo kila kitu kwenye ubao wake hushikizwa kwa gundi iliyochanganywa na unga wa madini ya fedha, inayopitisha umeme kama waya. Gundi hiyo huhifadhiwa kwenye friza. Ikitolewa, bomba lake, lililo kama la sindano, huachwa limefungwa saa nzima mpaka ubaridi uishe, kwani ukilifungua mapema unyevu wa hewa huingia na gundi huharibika. Daftari la friza lilionyesha kwamba siku vilipotengenezwa vifaa vile, bomba lilitolewa saa moja na nusu, likafunguliwa saa mbili.

"Nusu saa!" mhandisi alisema. "Kwa ajili ya nusu saa, mtoto wa watu yuko mahututi."

Fundi wa gundi alikuwa binti mwembamba, macho yamevimba. Hakukana lolote.

"Nilifungua mapema, mama. Tulikuwa tunaharakishwa."

"Kwa hiyo kosa ni lako?"

"Labda. Tangu Jumatano sijalala. Kaka ameniambia nisaini tu, yaishe."

"Kaka yupi?"

"Wa stoo. Ndiye aliyeniingiza kazini. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyenisomesha."

"Siku hiyo kulikuwa na jambo lingine lisilo la kawaida? Hata la kijinga."

Binti alifikiri. "Roli ya rizista ilikuwa inatoka kinyume. Rizista ni vile vipande vidogo kama punje za mchele. Vinakuja vimepangwa kwenye utepe, na utepe umezungushwa kwenye roli. Siku ile utepe ulikuwa unatokea upande wa pili. Nikamwambia kaka, akasema ndivyo ilivyokuja."

Bi Kwanini aliandika. Hakuelewa neno, lakini aliandika.

"Usisaini kitu mpaka nikuambie," alisema.

Saa tano na robo alikuwa mbele ya oveni. Mtu wa oveni walimwita Mpishi, kwa sababu kazi yake ni kuipika gundi saa nzima kwa joto la digrii mia na hamsini ili ikauke.

"Napika kila siku, mama, ila chakula changu hakiliki," alitania.

"Siku ile palitokea nini? Umeme ulikatika?"

Kicheko kikamkauka. "Dakika kumi. Uliporudi nikahesabu saa upya tangu mwanzo. Naapa."

"Kwa nini hukuandika?"

"Mhandisi anafoka, mama. Ukiandika tatizo, tatizo linakuwa wewe."

Sasa walikuwa wawili, na kila mmoja alikuwa na dhambi yake ndogo. Jambo hilo lilimkera Bi Kwanini. Saa sita kamili alikiweka kifaa cha wodini mezani kwa mhandisi.

"Ubao huu una gundi ya bomba moja, mkono mmoja na oveni moja?"

"Ndiyo."

"Pima gundi penye kihisio."

Mhandisi akagusisha mita. "Safi. Umeme unapita."

"Sasa pima penye rizista, zile za roli iliyotoka kinyume."

Namba zikapanda, zikapanda tena: hapo umeme ulikuwa unapita kwa shida. Mhandisi akabadilisha mkono, akapima upya.

"Kama gundi ni mbovu," Bi Kwanini aliuliza, "kwa nini imeharibika hapa, pale ikawa nzima?"

Mhandisi alichukua kioo cha kukuzia na wembe, akakwangua ncha ya rizista. Kihisio kilikuwa na miguu ya dhahabu, na rizista nazo zilitakiwa kuwa na ncha za dhahabu. Chini ya wembe palitoka weupe.

"Bati," alisema, na sauti ikamshuka. "Gundi hii haipatani na bati. Mwanzoni vipimo vyote vinapita. Lakini penye joto na unyevunyevu, bati linaota kutu chini ya gundi, na njia ya umeme inaziba polepole."

"Wodi ile ina joto?"

"Joto na mvuke mchana kutwa. Hapa kwangu ni pakavu. Ndiyo maana kile pale rafuni, cha siku ileile, bado kinafanya kazi."

Roli ikaletwa. Lebo ilisema dhahabu, na ilikuwa na saini ya mhandisi, maana yeye husaini kila roli inapopokelewa. Tarehe ilikuwa ya mwaka jana.

"Roli hii iliisha zamani," alisema. "Na kiwandani hawazungushi utepe kinyume. Huu umezungushwa kwa mkono."

Ufunguo wa stoo ulikuwa mmoja, na alikaa nao kaka wa binti.

Saa saba na nusu walisimama wote stoo. Kaka mtu alikuwa jitu la miraba minne, mpole wa sauti.

"Ndivyo ilivyokuja," alisema.

"Ilikuja mwaka huu na saini ya mwaka jana?" Bi Kwanini aliuliza. "Kwa nini uliizungusha?"

Yule bwana akaketi juu ya kreti.

"Nilisahau kuagiza. Za dhahabu zinachukua wiki nane kufika, na mhandisi alishaniambia nikikosea tena nimekwisha. Nikatafuta za bati, nikazizungusha kwenye roli tupu. Vipimo vikapita! Nikajua yameisha."

"Na mdogo wako?"

"Nilidhani atafukuzwa tu, hatafungwa. Ningemtafutia kazi nyingine."

Binti alimsogelea pale kwenye kreti.

"Kaka, siku tatu nimelia mbele yako. Nimekuambia nimeua mtoto wa mtu. Ukanichemshia chai."

Mhandisi aliichana ile karatasi bila kuambiwa, asijue aweke wapi vipande vyake.

"Roli ile iliingia kwenye vifaa vingapi?" binti aliuliza.

"Arobaini," kaka yake alisema. "Ukiacha cha rafuni, vyote vimeshapelekwa. Wodi tano."

Binti alikuwa ameshashika simu ya ukutani. "Dada muuguzi, nakuomba uvivue vifaa vyetu vyote sasa hivi, na mkae na watoto kwa macho yenu. Ndiyo, nina hakika. Mimi ndiye niliyevigundisha."

Askari waliokuja na Bi Kwanini walipompitisha kaka yake mlangoni, alisimama, akamwita mdogo wake kwa jina la utotoni. Binti akainua mkono kumwashiria anyamaze. Upande wa pili muuguzi alikuwa anahesabu kwa sauti vifaa anavyovivua, na alikuwa amefika cha tano.