Kilo Tano za Generoza

Jua lilipochomoza, Lusia Masalu alikuwa amekwisha kwenda lambo mara mbili. Kila safari alibeba madumu mawili ya maji, yamefungwa kwa mpira nyuma ya baiskeli ya baba yake. Wasichana wenzake wa darasa la sita pale Kharumwa walishuka na kusukuma walipofika kwenye kilima. Lusia alisimama juu ya pedali, akauma meno, akapanda mpaka juu.

"Mayu, mama yangu," bibi yake alimwambia akipokea dumu, "na jioni unakwenda tena kwenye ile baiskeli isiyofika popote?"

"Inafika, bibi. Inafika kwenye televisheni."

"Mtu atoke jasho saa nzima, halafu ashuke palepale alipopandia! Makubwa haya."

Baiskeli aliyoisema bibi ilikuwa kwenye kituo cha vijana. Zilikuwa mbili, zimetolewa gurudumu la nyuma na kubanwa kwenye mashine zilizovuma. Ukikanyaga pedali, mwendeshaji mdogo mwenye jina lako alionekana kwenye televisheni ukutani, akikimbia barabarani. Kilima kikitokea mle kwenye televisheni, pedali zilikaza kwelikweli. Kwa intaneti, watoto wa Kharumwa walishindana na wa Tabora, Musoma na Bukoba bila mtu kupanda basi. Na umeme ukikatika katikati ya mbio, kila mmoja aliapa kwamba yeye ndiye aliyekuwa anaongoza.

Kila kituo kilitoa watoto wawili. Mmoja alikuwa msindikizaji, anayetangulia ili mwenzake ajifiche nyuma yake, maana hata upepo kompyuta iliuhesabu. Wa pili alikuwa mmaliziaji, anayechomoka mita za mwisho kutafuta ushindi. Tangu mwaka uliopita mmaliziaji wa Kharumwa alikuwa Lusia. Jina lake lilibandikwa mlangoni, na kila alipopita alilitupia jicho.

Ndipo akaja Generoza, msichana mwembamba, mpole, aliyetoka Ushirombo kuishi na shangazi yake. Wiki ya kwanza alikaa akitazama. Wiki ya pili aliomba kujaribu. Wiki ya tatu alimshinda Lusia mara tatu mfululizo, na kila mara alimpita mwishoni kabisa, watoto wakipiga kelele hadi mabati yakaitika.

"Umeona alivyofanya?" aliuliza Mwalimu Theonest, aliyewafundisha mbio hizo. "Miguu yako ina nguvu kuliko yake, Lusia. Tatizo ni kwamba huwezi kuvumilia mgongo wa mtu. Ukiuona mbele yako, unachomoka zikiwa zimebaki mita mia tano. Kwenye mia moja za mwisho umekwisha. Mwenzako anajificha. Zikibaki mia mbili na hamsini anaanza kuharakisha mguu, kwa sababu mashine huchelewa kidogo kusikia. Zikibaki mia mbili anaweka gia nzito, anasimama, anakwenda. Hamtazami mtu."

"Kwa hiyo, mwalimu?"

"Kwa hiyo kwenye mbio za kanda Generoza atamalizia. Wewe utamsindikiza."

Lusia aliitikia "sawa, mwalimu," lakini moyoni hakukubali. Yeye amsindikize mtu aliyekuja juzi? Kesho yake alikuta mlangoni pamebandikwa jina jipya. Aliona wivu, wivu hasa, ule unaomfanya mtu achukie hata namna mwenzake anavyocheka. Usiku huo hakugusa ugali wake.

Sasa, ile kompyuta ilitaka kujua uzito wa kila mtoto, maana mzito hupanda kilima kwa shida kuliko mwepesi. Kituo hakikuwa na mizani. Kwa hiyo kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi watoto walikwenda kwenye ghala la pamba, ambako Masalu, baba yake Lusia, alikuwa mpimaji. Mtoto alikaa ndani ya turubai, akaning'inizwa kwenye mizani kama mzigo wa pamba, na wengine wakacheka. Masalu aliinama kulishika turubai lisiyumbe. Saa ya mizani ilikuwa juu ya kichwa cha anayepimwa, hawezi kuiona. Aliyeisoma na kuandika alikuwa Lusia, na ndiye aliyeingiza namba hizo kwenye kompyuta. Kazi hiyo alipewa tangu darasa la nne, kwa kuwa hakuwahi kukosea.

Jumatatu hiyo Generoza alipimwa kwa mara ya kwanza; mpaka hapo kompyuta ilitumia uzito wa kwenye kadi yake ya zahanati.

"Ngapi?" aliuliza baba, kichwa chini.

Mshale ulisimama kwenye thelathini na sita. Lusia aliutazama, akalikumbuka lile jina mlangoni.

"Arobaini na moja," alisema.

"Heee!" Generoza alishtuka ndani ya turubai. "Kadi yangu ya zahanati ilisema thelathini na tano!"

"Kadi ya lini?"

"Ya Krismasi."

"Basi umekua, mwanangu," baba alicheka. "Ugali wa Kharumwa huo."

Kilo tano si kitu kwa mkulima anayeleta pamba. Kwa msichana mwembamba kwenye kilima zilikuwa mlima. Jioni ile Generoza alikanyaga mpaka shati likaloa, na mwendeshaji wake mle kwenye televisheni akawa anajikokota. Lusia alimpita, akashinda. Akashinda na Jumanne. Mwalimu Theonest alikuna kichwa, akasema kama hali ni hiyo huenda wakabadilishana tena. Lusia alitoka mbio kwenda nyumbani akiimba.

Jumatano mchana, shuleni, Generoza alimsogezea sahani yake ya makande.

"Kula wewe, Lusia."

"Wewe je?"

"Mimi nimenenepa. Miguu ni ileile, ni huu mwili unanirudisha nyuma. Nikipungua kabla ya mbio, nitawafaa."

Lusia aliyala. Yalikuwa matamu, na akajiambia kwamba hakumlazimisha mtu. Alhamisi sahani ilikuja tena. Safari hii makande yalimkwama. Alimwona Generoza akinywa kikombe cha pili cha maji badala ya chakula, akataka kusema neno. Lakini akisema, atakuwa nani? Mwongo, mbele ya darasa zima, na binti wa mpimaji juu yake! Akanyamaza. Ijumaa vilevile.

Ijumaa jioni walikuwa kwenye baiskeli wote wawili. Katikati ya kilima Generoza aliegemea usukani. Mikono ililegea, akateleza ubavuni. Mwalimu Theonest alimdaka kabla kichwa hakijagonga sakafu. Mwendeshaji wake mle kwenye televisheni alisogea kidogo, akasimama.

Walimkimbiza zahanati. Muuguzi alimpa maji ya sukari, kisha uji, akamuuliza maswali mawili matatu. Alitoka nje amekunja uso.

"Mtoto huyu hana ugonjwa, mwalimu. Ana njaa. Siku tatu hajala mchana, eti apungue. Apungue nini? Angeendelea hivi mngemleta kwa machela. Mtoto anayekua anakula, na anayekimbia anakula zaidi. Nani kamwambia mnene?"

Lusia alikuwa amesimama ukutani. Machozi yalimtoka kabla ya maneno.

"Ni mimi," alisema. "Ana kilo thelathini na sita. Mimi ndiye niliyesoma arobaini na moja. Nilitaka jina langu lirudi mlangoni."

Mwalimu Theonest alimpeleka mpaka ghalani, akamwambia aseme tena mbele ya baba yake. Lusia akasema. Masalu aliweka chini gunia alilolibeba, akakaa juu yake.

"Lusia, unajua kwa nini watu wanatoka mbali na pamba yao, wanayapita maghala mengine, wanakuja kwangu?"

"Kwa sababu mizani yako haidanganyi, baba."

"Mizani haidanganyi popote. Anayedanganya ni yule anayeisoma." Akaupigapiga ubavu wa gunia. "Wako wanaotia mchanga kwenye pamba ili kilo ziongezeke. Wewe umetia mchanga ndani ya mtu. Na mimi nilikuwa palepale, nimelishika turubai, ninacheka."

Lusia alilia mpaka kwikwi. Angechapwa ingekuwa nafuu.

Jumatatu watoto wote walirudi ghalani. Generoza alipimwa upya, safari hii Mwalimu Theonest akisoma, na Lusia akaomba radhi mbele ya wote. Hakuna aliyecheka. Baba yake alimwondoa kwenye kazi ya kusoma mizani. Mwalimu naye alisema angemtoa kabisa kwenye mbio za kanda, ila yule aliyekosewa ndiye aamue.

Generoza alimgeukia Lusia.

"Uliniumiza," alisema. "Nilikuchukulia kama rafiki. Hata makande yangu nilikupa."

"Najua."

"Nimekasirika bado. Lakini kwenye kile kilima sitapata wa kujificha nyuma yake kama wewe. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nisindikize."

Kwa siku tano walifanya mazoezi pamoja, na kila mchana Lusia alikaa karibu mpaka sahani ya Generoza ikaisha.

Jumamosi chumba kilijaa. Hata bibi alikuja, akaketishwa mbele kabisa. Vituo kumi na viwili vilikuwa kwenye televisheni. Kilimani Lusia alitangulia, akiukata upepo, Generoza nyuma yake. Miguu iliwaka kama ile ya safari ya tatu ya lambo. Zilipobaki mita mia tano, kitu kilimnong'oneza: chomoka sasa, ushindi ni wako. Alikijua kitu hicho. Alishikilia mwendo uleule. Mia tatu. Mia mbili na hamsini.

"Harakisha mguu!" alipaza sauti. "Haya, toka!"

Generoza aliweka gia nzito, akasimama, akampita. Lusia aliuona mgongo wa yule mwendeshaji mdogo ukienda mbele, na roho ilimuuma, tusidanganyane. Lakini mdomo wake ulikuwa ukipiga kelele kuliko midomo yote: "Twende, Generoza! Twende!"

Walikuwa wa pili. Msichana wa Musoma aliwazidi kwa gurudumu moja. Chumba kilishangilia kana kwamba wameshinda.

"Wabeja, asanteni wanangu," alisema bibi, akifuta macho. "Kumbe inafika kweli!"

Jumatatu ya kwanza ya mwezi uliofuata, watoto walipanga foleni ghalani. Generoza alikaa ndani ya turubai, Masalu akainama kulishika. Kabla ya kupima, alimwita binti yake asogee.

"Baba," Lusia alisema taratibu, "siku ile ya mbio Generoza aliponipita, bado niliona wivu."

"Utauona tena. Wivu humjia kila mtu, hata mimi. Ukikujia, uache ukae zake pembeni. Lakini usiuruhusu hata siku moja ukusomee mizani, maana utamuumiza mwenzako, na mwisho hakuna atakayeamini neno lako, hata siku utakaposema kweli." Akashika turubai, kichwa chini. "Haya, soma. Ngapi?"

Lusia alitazama mshale kwa makini.

"Thelathini na saba," alisema.

"Andika," alisema Masalu, wala hakuinua kichwa kuangalia.