Mama Yangu Niliyemwita Jirani

Nina miaka thelathini na minane. Ni mwalimu wa sekondari, naishi Igoma hapa Mwanza na mume wangu, fundi wa magari, pamoja na watoto wetu watatu. Ukinikuta asubuhi na mkoba wangu begani utasema huyu mama maisha yamemnyookea. Ndugu wasomaji, msidanganyike... Yaliyomo moyoni mwangu hayasemeki mbele ya watu.

Nilizaliwa kijiji kimoja cha ufukweni, upande wa Magu. Baba alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni. Mama alinilea peke yake kwa vibarua vya kupanda mpunga wa watu na kuanika dagaa wa wenzake mchangani. Tulikuwa maskini wa kutupwa! Kuna siku tulilalia uji wa muhogo usio na chumvi, na mama akanitania kwamba chumvi inaharibu meno.

Nilimaliza darasa la saba, sikuchaguliwa. Nililia mpaka sauti ikakauka. Kurudia darasa kulikatazwa, lakini kijijini kila mtu aliijua njia ya pembeni. Mtoto akiacha shule, jina lake lilibaki pale, na mwenzake aliweza kuingia nalo darasani. Jirani yetu Mzee Masalu alikuwa na binti aitwaye Kabula, aliyeozwa ng'ambo ya kivuko cha Busisi, upande wa Geita, kabla hajafika darasa la saba. Mama akaenda kwa Mzee Masalu akapiga magoti, akaomba jina la Kabula. Mzee akakubali. Mwalimu mkuu akafumba macho.

Basi mimi Minza nikarudi darasani nikiitwa Kabula Masalu. Nilikuwa mtoto... ningejua nini?

Nikafaulu! Kijiji kizima kilisikia vigelegele vya mama. Nikaenda sekondari, nikafika kidato cha sita, nikaenda chuo, nikaajiriwa serikalini. Kote huko mimi ni Kabula Masalu. Aliyebaki kuniita Minza mjini alikuwa mama peke yake akija kunitembelea, tena kwa kunong'ona kama kuna wageni.

Nilipoajiriwa tu, Mzee Masalu akatokea Igoma na kuku mkononi, meno yote nje. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akakaa kama mwenye nyumba. Akasema baba wa mwalimu hawezi kutibiwa kwa mizizi. Nikamwandikisha yeye na mkewe kwenye bima yangu ya afya, maana kazini hao ndio wazazi wangu. Mama mwenyewe aliniambia niwaache, wametusaidia.

Nikapata mchumba. Ndoa ikatangazwa kanisani kwa jina la kwenye vyeti, na wakwe wakauliza ng'ombe wa mahari wapelekwe wapi. Mzee Masalu akajibu kabla sijafungua mdomo. Ng'ombe wakaingia zizini kwake! Mama yangu mzazi siku hiyo alikuwa jikoni kwa Masalu anasonga ugali wa wageni, na wakwe walipouliza yule mama ni nani, wakaambiwa ni jirani mwema. Nilisikia. Mama naye alisikia, akaendelea kusonga.

Mume wangu nilimweleza ukweli baadaye. Alinuna wiki nzima, kisha akasema tutafanyaje sasa.

Halafu mama akaanza kutokwa damu. Alinificha kwa muda mrefu. Nilipomfikisha hospitali ya mjini, daktari akasema ni saratani ya kizazi, atibiwe haraka, na matibabu yenyewe si ya watu wa hali yetu. Tuliuza kila kilichouzika, hata vifaa vya kazi vya mume wangu. Havikutosha hata kidogo. Na kadi yangu ya bima ilikuwa ndani ya pochi... Mke wa Masalu anatibiwa presha kwa kadi hiyo, mama yangu anaoza kitandani! Kuna uchungu kuliko huo?

Mwanasheria mmoja akanishauri niende mahakamani kurekebisha majina. Ila Mzee Masalu naye aje aape kwamba mimi si mwanaye. Nikasafiri mpaka kijijini, nikapiga magoti pale pale alipopiga mama.

"Unitoe mimi kwenye bima umweke nani?" akaniuliza. "Nikienda kwa mkurugenzi nikamwambia Kabula wangu yuko Geita ananyonyesha, wewe kesho utafundisha wapi?"

Nilimsihi nikalia, nikamshika miguu. Akaniambia nifunge geti vizuri nikitoka, mbuzi wasije wakaingia.

Nikamwambia mama kwamba liwalo na liwe, nakwenda kazini kusema ukweli. Alikuwa amekonda hata mkono haunyanyuki. Lakini alinishika gauni, sijui nguvu aliitoa wapi.

"Minza," alisema, "nilipiga magoti ili usome. Wakikufukuza, nilipiga magoti ya nini?"

Akaniapisha nisiseme. Akakataa kurudi hospitali, akataka arudishwe kijijini. Nikamtii... Ole wangu, nikamtii! Alifariki kabla mvua za mpunga hazijaanza.

Mkuu wangu wa shule aliniuliza kwenye simu nani amefariki. Nikajibu kwa mdomo wangu huu: jirani yetu kijijini. Akanipa ruhusa ya siku moja.

Mwalimu mwenzangu mmoja alinisindikiza msibani kwa wema wake. Katekista akasoma wasifu, akasema marehemu ameacha mtoto mmoja, Minza. Wanakijiji wakaniangalia, wakainamisha vichwa. Mwenzangu akaniinamia, akauliza huyo Minza ndiye yupi. Nikamjibu bado yuko njiani.

Mwaka uliofuata akafa Mzee Masalu. Hapo mngeona heshima! Ofisi ikatoa jeneza na gari, walimu wakaja basi zima na rambirambi mkononi, mkuu wa shule akasimama akazungumzia malezi bora ya marehemu. Mimi nikakalishwa mbele kwenye mkeka wa wafiwa. Nilipogeuka nikamwona Kabula mwenyewe, Kabula wa kweli, ametoka Geita na mtoto mgongoni. Amekaa nyuma kabisa pamoja na majirani, anamlilia baba yake kwa sauti ya chini ili asiniharibie kazi.

Nikaanguka pale chini nikapiga mayowe. Walimu wakaninyanyua, wakasema kweli mlipendana sana na baba yako. Nilikuwa namlilia mama. Sikuwa nimemlilia hivyo siku ya mazishi yake, kwa sababu jirani halii namna ile.

Mpaka leo sijui nishike lipi. Nikisema ukweli nafukuzwa, na mama atakuwa amekufa bure. Nikinyamaza, mama yangu alikufa bila mtoto. Ndugu zangu, mngekuwa nyie mngefanyaje?

Wazazi wa kanda hii, nawasihi kwa machozi: mtoto akifeli, mpelekeni akashone, akalime, akajaribu tena kwa jina lake. Msimwazimie la mtu! Elimu ilinitoa kwenye uji usio na chumvi, siikatai. Lakini aliyetuazima jina alirudi kulidai kila mwaka, na alidai mpaka akamfikia mama. Nawe unayefundisha au kuuguza leo kwa jina la mwenzio, kama mzazi wako bado anapumua, nenda kaseme ukweli angali hai. Usisubiri kama mimi.

Majina ya humu nimeyabadili, langu, la Kabula na la baba yake. La mama nimeshindwa kulibadili. Aliitwa Ester, na mimi ni mtoto wake.