Bima ya Panela

Jumapili ile barabara ya kando ya mto ilikuwa imefungiwa magari, kama kila Jumapili, na nusu ya Medellín ilikuwa imejimwaga humo na baiskeli, watoto na mbwa. Yamile Quiceno alivaa kaptura ya jinzi na fulana ya njano, nywele bado mbichi kwa kuoga, na mkononi alishika kamba ya Panela, pitbuli jike wa rangi ya sukari guru, panela kwa lugha ya huko, ndiyo maana akaitwa hivyo. Mdomo wa mbwa ulikuwa umefungwa kama sheria inavyotaka. Hata hivyo watu walimpisha upana wa barabara, na kina mama walinyanyua watoto.

"Dada, simama hapo. Bima ya mbwa," polisi mmoja alisema.

Jamani, hiyo bima! Serikali inamtaka kila mwenye mbwa wa aina ile awe nayo, ya kuwalipa watakaoumwa, na makampuni ya bima hayataki hata kusikia harufu ya mbwa hao. Yamile alishapiga simu kila mahali. Wakisikia tu neno pitbuli, wanakuaga kwa heshima zote na simu inakatwa.

"Afande, huyo ni mteja wangu," sauti ilisema nyuma yake. "Bima yake iko njiani."

Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe la kitani limemganda mgongoni kwa jasho, mkononi kikombe cha embe bichi lenye chumvi na ndimu. Alitoa kitambulisho cha kampuni. Polisi alikisoma, akamrudishia bila kufurahi.

"Nikimkuta tena bila bima, namchukua," alimwambia Yamile. "Na wa aina hii wakichukuliwa, usitegemee kumwona tena."

Polisi alipokwenda, Yamile alimgeukia yule kijana. "Nani kakwambia mimi mteja wako?"

"Bado tu. Naitwa Duván Ocampo, wa Bima El Alero. Nimeona kiumbe kafungwa mdomo nikamhurumia."

"Yupi, mimi au mbwa?"

"Mbwa. Wewe mdomo wako naona uko wazi kabisa."

Yamile alicheka bila kupenda. "Haya bwana. Kampuni yenu inapokea pitbuli?"

"Hata kwa dawa. Inapokea mbwa koko, wa mchanganyiko." Duván alichuchumaa, akamkuna Panela shingoni. "Baba yake unamjua?"

"Nitamjulia wapi? Marehemu kaka yangu alimwokota kwenye boksi."

"Basi huyu ni koko. Wakikupigia kuuliza, sema koko. Neno moja tu."

Na Yamile akalisema. Kaka yake Wílmar alipofariki hakumwachia nyumba wala shamba, alimwachia mbwa huyo tu, na miezi ile mibaya Panela ndiye aliyekuwa akimlalia miguuni hadi asubuhi. Kwa ajili yake angesema hata kwamba ni paka.

Bima ikatoka, na mapenzi nayo yakatoka humo humo. Duván alianza kupita saluni ambako Yamile alikuwa akipaka watu rangi za kucha, akileta maandazi ya jibini ya moto. Wateja wakamtania mpaka akazoea. Jioni alipanda ngazi za jengo alimoishi Yamile, mtaa wa Aranjuez, hadi ghorofa ya tatu, tai imelegezwa, na Panela akimsikia tu anaanza kupiga mkia kwenye sakafu.

"Huyu anakupenda kuliko mimi," Yamile alisema.

"Ana macho mazuri. Wewe bado unafikiria."

"Nafikiria nini, we mwanamume? Nimeshafikiria nikamaliza."

Lakini ghorofa ya chini aliishi bibi aliyeitwa doña Nohemí, mjane mwenye pazia lisilotulia. Siku moja alimsimamisha Yamile mlangoni, amevaa gauni lake la kijivu, mikono imefungwa kifuani.

"Mnyama wako ataondoka humu," alimwambia taratibu. "Kwa miguu yake au ndani ya gunia, mimi kwangu sawa."

Wiki hiyo hiyo, akirudi na Panela matembezini, Yamile alikuta pande la nyama mbele ya mlango wake, limenyunyizwa punje za buluu za sumu ya panya. Panela alikuwa ameshalinusa, kilichomwokoa ni ule mdomo kufungwa. Duván aliliviringisha kwenye gazeti, akalitupa, na usiku huo hakuna aliyetania. Tangu hapo kila kishindo cha ngazi kilimshtua Yamile.

Ndipo Jumanne moja, simu ya Duván ya mkononi ikiwa imezimwa, Yamile akampigia ofisini.

"Mpenzi, leo usichelewe. Huyu pitbuli wako kalala mlangoni, chakula hataki mpaka akuone."

"Yule koko, unamaanisha," Duván alisema. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

"Koko wapi! Pitbuli mtupu, tazama kichwa hicho..."

Simu ikakatwa. Yamile aliitazama, akacheka, akadhani bosi amepita.

Jioni Duván hakuja. Kesho yake hakuja. Alipopiga haikupokelewa, alipoandika hakujibiwa. Kisha ikaja simu kutoka El Alero, mwanamume mwenye lafudhi ya Bogotá, adabu nyingi na baridi tupu. Walikuwa wamepata habari kwamba mbwa wake si koko. Ijumaa saa nne wangempigia wachukue maelezo. Bima ikivunjwa, wangelazimika kuiarifu manispaa, na manispaa ingekuja na gari.

Yamile aliketi sakafuni, akamkumbatia mbwa. Siri ile ilijulikana na watu wawili tu. Mmoja alikuwa yeye.

"Kaniuza," alimwambia Panela. "Mshenzi yule kaniuza, na nilimpenda."

Ijumaa, robo saa kabla ya wakati, mlango ukagongwa. Duván alisimama pale bila tai, ndevu zimechipua, macho mekundu. Panela alimrukia kwa furaha. Yamile hakusogea.

"Umefuata nini? Ulinifundisha uongo, halafu ukaenda kunisema!"

"Nani kakusema? Yamile, simu za ofisini zinarekodiwa. Uliyesema pitbuli ni wewe."

Yamile alilikumbuka lile neno lake la simuni, na kile kicheko.

"Mungu wangu. Sasa kwa nini hukupokea simu zangu?"

"Wananichunguza. Ningepokea, wangesema tunapanga la kusema." Alimshika mabega. "Nisikilize, muda hakuna. Ukisema ulidanganya mwenyewe, bima inavunjika, Panela anakwenda. Ukisema mtu wao ndiye aliyekufundisha, kosa ni la kampuni, na bima inasimama mpaka mwaka wake uishe. Nitaje."

"Watakufukuza!"

"Mjomba ana duka la vipuri vya pikipiki. Sitakufa. Nitaje, roho yangu."

Simu ikalia. Duván akaiweka spika, akamshika mkono.

"Simu hii inarekodiwa," ilisema sauti ya Bogotá. "Nani alikwambia useme koko?"

Machozi yalikuwa yanamtoka Yamile. "Duván Ocampo."

"Asante. Kuna la mwisho. Kwenye rekodi unamwita mpenzi. Kama mna uhusiano, hii ni njama ya watu wawili na bima haipo. Ocampo ni nani kwako?"

Yamile alimtazama. Duván alitikisa kichwa: kataa.

"Wewe bwana si wa huku," Yamile alisema, akajilazimisha kucheka. "Medellín hata muuza parachichi namwita mpenzi. Dereva wa basi mpenzi, polisi mpenzi. Huyo si mtu wangu. Ni mtu wa bima tu."

"Haya. Bima yako inaendelea."

Simu ikakatwa. Yamile akamwangukia kifuani, akalia kwa sauti.

"Umesema vizuri," Duván alimnong'oneza. "Sasa ndiyo hivyo. Tukionekana pamoja hata kwa kikombe cha kahawa, mtu atawapigia El Alero. Mpaka mwaka uishe hunijui."

"Na ukiisha?"

"Leo nilitaka kukuomba tuoane."

"Niombe basi!"

"Nikikuomba utakubali, halafu utatembea na uso wa mtu aliyekubali." Alimbusu kwenye paji la uso, akafungua mlango.

Doña Nohemí alikuwa ngazini, nusu ya njia, kapu la nguo kiunoni. Duván alimsalimu, akapita, akateremka bila kugeuka.

"Yule si mchumba wako?" bibi aliuliza.

"Mchumba gani, doña Nohemí? Mtu wa bima tu, kaja kikazi."

Hatua za chini zilisita kidogo, zikaendelea. Panela alikuwa ameshatoka mlangoni, anajivuta kwa nguvu zote kutoka mikononi mwa Yamile, analia kooni kama mtoto, mkia ukipiga ukuta kila Duván alivyozidi kushuka. Yamile alijaribu kumrudisha ndani.

Doña Nohemí aliteremsha kapu lake taratibu.

"Na mbwa," aliuliza, "mbona anamjua?"