Jina Ambalo Kiondo Hakulitamka

Ti, ti, ti. Kifuniko cha sufuria kiligonga kabla ya alfajiri. Bibi Namsifu alikuwa akichemsha magimbi.

"Nakiete, amka mjukuu wangu. Nimekufungia vifurushi viwili. Kimoja chako, kingine cha huyo mfungwa wenu."

"Bibi, yule ni muuaji."

"Sasa muuaji hali?"

Nakiete alivipokea. Hakumwambia bibi yake, mama wa baba yake, kwamba mfungwa wa leo ni Kiondo. Miaka kumi na tano iliyopita, kwao Ndeme, Kiondo aligombana na baba yake Nakiete juu ya zamu ya maji ya mfereji, akampiga jembe la kichwa, akafa. Nakiete alikuwa na miaka saba. Aliyaona makubadhi ya baba yake pembeni mwa mfereji, yamepangwa vizuri, yakimsubiri mwenyewe.

Kwa ajili ya makubadhi hayo alisomea elimu ya uhalifu chuoni. Mwaka wa tatu, majina ya wafungwa wa kuchunguzwa yalipobandikwa, alibadilishana na mwenzake ili ampate Kiondo. Fomu iliuliza kama anahusiana na kesi hiyo. Aliandika: hapana.

Treni isiyogusa reli ilimfikisha gerezani jua likichomoza. Katika chumba cheupe ilining'inia mashine pana kama ungo. Iliitwa kipimatoba. Ilisikiliza sauti, mapigo ya moyo, jasho na macho ya mfungwa, ikayalinganisha na ya watu elfu arobaini wa mjini waliowahi kujuta. Taa ya kijani, mtu anarudi kwao. Taa nyekundu, miaka saba zaidi. Nchi ilikuwa imeiachia mashine kazi hiyo kwa sababu binadamu hupendelea.

Chini ya ripoti palibaki nafasi moja tu ya mtu: maelezo ya mchunguzi.

"Mashine inapima," mwalimu wao, Dakta Mwaluko, aliwaambia mara nyingi. "Ninyi mnaeleza lile isilolijua. Mkiandika neno pale, baraza litasikiliza upya. Msipoandika, basi."

Kiondo aliingia, mzee kuliko Nakiete alivyomtarajia. Alikifuta kiti kwa mkono wa shati lake.

"Kaa, mwanangu. Kina vumbi."

Nakiete alikaa. Alimpa kifurushi bila kumtazama. Mzee alikinusa, akayapapasa majani ya mgomba yaliyofungwa kwa mafundo mawili, kisha akamtazama msichana usoni kwa muda. Alikiweka kifurushi magotini.

Kipimatoba kikawaka.

"Taja jina la mtu uliyemuua," kilisema kwa sauti ya upole, kama ya muuguzi.

Kiondo alipiga magoti, akaugeukia ukuta.

"Taja jina."

Mzee aliegemeza paji la uso ukutani.

"Hataji jina. Anaficha uso. Hana machozi. Toba, nne kwa mia. Mchunguzi, una maelezo?"

Nakiete aliyajua maelezo. Huko Ndeme, aliyeua hatamki jina la marehemu mpaka asimame mbele ya mama wa marehemu, alitamke hapo kwanza, naye mama amwitikie. Kulitamka kwingine ni kulikanyaga kaburi. Kuugeukia ukuta ndiko kujuta kwenyewe. Mwaka hadi mwaka mzee huyu alikuwa akiungama kwa namna ya kwao, na katika gereza zima hapakuwa na wa kumwelewa.

Isipokuwa yeye.

Sentensi moja ingetosha. Alishika kalamu. Aliyaona tena makubadhi yale.

Akaandika: *Sina la kuongeza.*

Taa nyekundu iliwaka. Utamu ukamjaa Nakiete kifuani, mtamu kweli, kama alivyouota miaka yote. *Oza humu,* alisema moyoni. *Oza.*

Kiondo aliinuka polepole, akapangusa magoti, akamrudishia kifurushi bila kukifungua.

"Chakula hiki sina ruhusa ya kukila kabla sijaitikiwa. Mafundo haya mawili nayajua, ni ya nyumba ya marehemu. Na wewe una paji la uso la yule."

Nakiete alikikumbatia kifurushi. "Ulinijua?"

"Tangu uliponipa."

"Ungewaambia. Wangenifukuza chuo, wewe ungepimwa upya."

"Niwe nimewamaliza baba na mtoto? Hapana." Askari alifungua mlango. Mzee alisita. "Mama yake mzima?"

"Mzima. Ana miaka themanini na tatu."

Kiondo aliitazama taa nyekundu. Midomo yake ilihesabu kimya: themanini na tatu, na saba. Hapo ndipo Nakiete naye alipohesabu, na ule utamu ukamgeukia uchungu mdomoni. Bibi yake alikuwa akilisubiri jina la mwanawe kila alfajiri, sufuria likigonga.

"Uje tena, mwanangu," alisema mzee. "Uje naye. Mapema."